Chafya ya Mtukufu katika Chumba Safi

Nchi ninayoisimulia haina jina, na msomaji asinilaumu kwa hilo. Ilipopata uhuru iliundwa Kamati ya Kuitafutia Nchi Jina, na kamati hiyo bado inakutana, kwa kuwa maandazi yanayoandaliwa vikaoni mwake ni mazuri mno kuachwa yapotee. Wananchi wenyewe husema "hapa kwetu", majirani husema "pale kwao", na barua hufika.

Kila mwaka, mara mavuno yanapokwisha, upepo huijaza nchi hiyo vumbi, na vumbi huja na ugonjwa wa macho mekundu. Watu huamka kope zimegandana. Walimu husahihisha madaftari kwa kupapasa. Makarani hugonga mihuri juu ya meza zao, na meza kadhaa zimekwisha kupata vibali vya kusafiri nje. Kwa miaka mingi Serikali ilipambana na ugonjwa huo kwa kuwahimiza wananchi wasiutazame. Ilipodhihirika kwamba hata Baraza la Mawaziri haliwezi tena kusoma ajenda yake, iliamuliwa kwa kauli moja kijengwe Kiwanda cha Taifa cha Matone ya Macho.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za sherehe za Serikali, na kazi hiyo iliniweka karibu na yote nitakayoyaeleza. Nimelelewa katika shule ya bweni, mahali ambapo kucha zilikaguliwa kila Jumamosi na kitanda kisichotandikwa sawasawa kilitolewa uwanjani mwenyewe akitazama, na sijapata kuona sababu ya desturi hizo kuachwa. Kwa hiyo nilipoingia mara ya kwanza katika Chumba Safi cha kiwanda kile, nilijiona nimerudi mahali penye akili.

Kilikuwa chumba cheupe kisicho na kona, kwa maana kona zote zilikuwa zimeviringishwa ili uchafu ukose pa kujificha. Hewa ilishuka kutoka darini kupitia vichujio vizito, ikatokea kwenye matundu yaliyo chini ya kuta, usiku na mchana. Aliyeingia alivaa vazi jeupe toka unyayoni hadi utosini, pamoja na barakoa, miwani na glavu, akatembea polepole kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Hakuzungumza. Hakujikuna. Aliyetawala humo alikuwa Dakta Mwanakheri Sululu, mtaalamu wa vijidudu, mwanamke mwenye sauti kavu na tabia ya kumtazama mtu kana kwamba anahesabu kinachomdondoka.

Na kwa kweli ndicho alichokuwa akihesabu. Dakta Sululu alitufundisha kwamba hewa si tupu. Kila mtu, hata akisimama kimya, humwaga chembe za ngozi. Akizungumza, hurusha matone ya mate. Na juu ya chembe na matone hayo vijidudu husafiri bila nauli. Ili kuvinasa, Dakta alitumia visahani vya duara vyenye jeli iliyopikwa kwa supu na mwani. Alivipanga sehemu mbalimbali, akaviacha wazi kwa saa chache, na kilichokuwa kikielea kikatua. Kando yake palikuwa na mashine ndogo iliyonyonya hewa na kuipiga juu ya kisahani kingine. Kisha vyote vilifunikwa na kuwekwa katika kabati lenye joto, na baada ya siku kadhaa kila kijidudu kilichotua kilikuwa kimezaa ukoo mzima, ukaonekana kwa macho kama doa. Chumba kikiwa safi, kisahani hutoka kama kilivyoingia. Doa moja likionekana kwenye meza ya kujazia chupa, kazi yote husimama, kwa kuwa dawa ya macho yenye vijidudu ni ugonjwa uliofungwa kizibo.

Dakta alikuwa na sababu ya kuharakisha. Chumba kile ndicho pekee katika mji mkuu kilichokuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi, na habari hiyo ilimfikia Mheshimiwa Kombo Zirai, Waziri wa Nidhamu na Burudani, ambaye alikuwa akijiandaa kumwoza binti yake. Akalishawishi Baraza la Mawaziri lipitishe uamuzi: ikiwa vumbi litaanza kabla chupa ya kwanza ya dawa haijatoka, chumba kitakabidhiwa kwa wizara yake na kuwa Ukumbi wa Taifa wa Harusi. Tangu siku hiyo alikuja kila wiki na fundi wa maua, wakasimama nje ya ukuta wa kioo na kubishana jukwaa la maharusi likae upande gani.

"Fanya kazi yako kwa utulivu, Dakta," alimwambia kwa upole. "Sisi tunasubiri vumbi tu."

"Maua hayo yana chavua, Mheshimiwa. Naomba yaondoke kwenye mlango wangu."

"Mlango wako kwa sasa," alijibu Mheshimiwa Kombo, akachomeka ua moja kwenye koti lake.

*

Vipimo vya mwanzo vilitoka vizuri. Kilibaki kimoja, cha kupima hewa watu wakiwa ndani, kisha chupa zianze kujazwa. Hapo ndipo ilipokumbukwa kwamba kiwanda hakijafunguliwa. Ni kweli mlango ulikuwa wazi na wafanyakazi waliingia na kutoka, lakini kwa sheria ya nchi ile jengo ambalo Mtukufu hajalikatia utepe limefungwa, na kinachotoka ndani yake hakijatoka.

Mtukufu ndiye mkuu wa nchi. Anayo majina mengine, ambayo huongezwa moja kila sikukuu na kusomwa yote kabla ya mlo, ndiyo maana chakula cha Ikulu huliwa kikiwa baridi.

Aliyetumwa kuandaa sherehe alikuwa Mkuu wa Itifaki, Bwana Nyangasa, mtu ambaye inasemekana aliwahi kumwamuru maiti asimame wimbo wa taifa ulipopigwa. Dakta alimsomea masharti ya kuingia Chumba Safi. Bwana Nyangasa aliyasikiliza kwa huruma, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa mwenye homa, kisha akayajibu moja baada ya jingine. Mtukufu hawezi kuvaa barakoa, kwa sababu uso ulio kwenye sarafu haufunikwi. Wengine nao hawawezi kuvaa, maana kuziba pua mbele ya Mtukufu kunazua maswali. Zulia jekundu litatandikwa, tena lile la Ikulu, ambalo halijafuliwa tangu uhuru kwa kuwa lina nyayo za kihistoria. Glavu zilizungumzwa kwa muda mrefu zaidi.

"Glavu hazitoi sauti," alisema. "Na makofi yasiyo na sauti, Dakta, ni makofi ya upinzani."

Kuhusu tarumbeta, Dakta alieleza kwamba kila tarumbeta ni bomba la mate. Bwana Nyangasa alikubali zipunguzwe, zikabaki zile kubwa.

Dakta alishinda katika jambo moja tu, nalo lilimgharimu baadaye. Bwana Nyangasa aliviona visahani mezani, akashtuka.

"Sahani tupu mbele ya mgeni? Watu watasema nini? Tia hata korosho."

"Havitiwi kitu, Bwana Nyangasa."

"Tende, basi. Tende moja moja."

"Hivi ni vya kupimia. Ukitia korosho nitapima korosho."

Bwana Nyangasa akauliza kama idadi ya korosho hizo ingeweza kutangazwa katika hotuba. Dakta alifumba macho kwa muda. Alipoyafumbua, alimweleza kwa sauti ya heshima kubwa kwamba visahani hivi vimewekwa kudaka kila kinachotoka kinywani mwa Mtukufu, ili kisipotee hata kidogo. Bwana Nyangasa aliguswa sana. Alikichukua kisahani kimoja kwa mikono miwili, akakiweka mwenyewe juu ya jukwaa, mbele kabisa ya kipaza sauti. Nami, kama ilivyonipasa, niliyaandika maneno ya Dakta neno kwa neno.

Sherehe ilifana. Mtukufu alihutubia juu ya usafi. Alisema usafi ni nusu ya maendeleo, na nusu ya pili ni yeye. Alisema hapa kwetu hata uchafu ni msafi ukilinganishwa na usafi wa majirani. Alikuwa akikaribia kilele, mkono ukiwa juu, vumbi la zulia likimzunguka kama moshi wa udi, alipopiga chafya.

Sharti nieleze desturi ya nchi ile. Mtukufu akipiga chafya, mawaziri hupiga chafya baada yake kwa kufuata ukongwe wa vyeo, ili isije ikaonekana kwamba ni yeye pekee mwenye mafua. Makamu alitangulia. Akafuata Waziri wa Ulinzi, ambaye hupiga chafya kwa ukakamavu. Mheshimiwa Kombo Zirai, aliyekuwa wa tatu, aliweka utii wake wote katika chafya moja, hata ua lililokuwa kwenye koti lake, ambalo lilikuwa limekaa humo tangu wiki iliyopita, likapukutika lote juu ya jukwaa. Waliofuata waliendelea hadi kwa Naibu Waziri wa Mambo Madogo, na watu wakapiga makofi kwa mikono mitupu. Utepe ukakatwa. Mashine ya kunyonya hewa ikazimika yenyewe.

*

Siku chache baadaye Dakta alifungua kabati la joto. Visahani vya ukutani vilikuwa na madoa ya manjano, meupe na ya waridi, kama vitambaa vya kanga. Kile cha jukwaani hakikuwa na madoa, kilikuwa doa. Dakta aliandika kwamba chumba kimechafuka, kioshwe na kifukizwe dawa mara moja, kisha kipimwe upya, kwa kuwa mawingu ya vumbi yalikwisha kuonekana upande wa kaskazini.

Jibu alilileta Mwanasheria Mkuu mwenyewe, mtu mwembamba aliyetembea ubavu ubavu kama anayepita katikati ya vifungu. Alieleza kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Kauli, kila kinachotoka kinywani mwa Mtukufu ni kauli. Kila kauli ni agizo. Na agizo haliwezi kufutwa na yeyote isipokuwa Mtukufu mwenyewe, ambaye hajawahi kufuta. Kumbukumbu rasmi za sherehe, ambazo alizisifu kwa ukamilifu wake, zilionyesha kwamba visahani vilidaka kilichotoka kinywani mwa Mtukufu. Kwa hiyo vilivyomo ni maagizo. Tena ni maagizo hai. Kuyafukiza ni uhaini.

"Na yanaagiza nini?" aliuliza Dakta.

Mwanasheria Mkuu alikitazama kisahani kwa muda mrefu.

"Bado yanatolewa," alisema.

Ili maagizo hayo yasidhuriwe, sajenti mmoja mwenye ndevu nyingi aliwekwa ndani ya Chumba Safi na bunduki yake. Alikuwa mtu mwema, akapenda ubaridi wa humo, akajizoeza kula mahindi ya kuchoma akiwa ameegemea meza ya kujazia chupa. Dakta, ambaye hakuacha kupima, aliweka kisahani karibu naye kila asubuhi. Aliniambia kwa uchungu kwamba kila kisahani kiliota sajenti mtupu.

Habari zikaenea serikalini kwamba katika kiwanda cha macho kuna viumbe waliotoka kwa Mtukufu na wanaongezeka. Tume ya Uchaguzi ilituma watu wa kuwaandikisha, kwa hoja kwamba wamezaliwa hapa kwetu, ni mamilioni, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakilalamika. Waziri wa Mifugo akapinga. Alisema chochote kinachokula, kinachozaa na kisichofanya kazi kiko chini ya wizara yake. Alipoulizwa kama maelezo hayo hayawahusu pia baadhi ya waheshimiwa, aliomba muda wa kushauriana.

Dakta alizunguka maofisini akiomba dawa ya kufukiza. Kila alipoingia alipongezwa.

*

Baada ya hapo mawaziri walianza kuja, mmoja mmoja, kuyatazama madoa. Kila mmoja alikuwa amepiga chafya siku ile, na kila mmoja alitaka kujua lake ni lipi. Dakta aliwaambia kwamba vijidudu havivai beji. Kwa kuwa sayansi ilishindwa kuwasaidia, waheshimiwa walichagua wenyewe, na walichagua kwa ukubwa. Bwana Nyangasa alilazimika kutoa mwongozo: hakuna waziri atakayekuwa na doa linalozidi la Mtukufu, na manaibu watagawana yaliyo pembeni.

Mheshimiwa Kombo Zirai alifika na mpiga picha. Hakujishughulisha na visahani vya ukutani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile cha jukwaani, ambacho kilikuwa cha Mtukufu peke yake, akainama. Ukingoni, juu ya madoa yale yaliyobanana, palikuwa pametokea kitu cha kijani chenye manyoya laini.

"Hili ni langu," alisema. "Nililisikia likitoka."

"Huo ni ukungu, Mheshimiwa," alisema Dakta. "Nadhani umetoka kwenye ua lako. Nao hukua."

"Acha ukue. Mtu wa nidhamu hukua."

"Unakua kwa kuwafunika wenzake."

"Ndivyo wanavyokua wote, mama. Wengine hawasemi tu."

Nilidhani Dakta ataendelea kumwonya, lakini alimwuliza tu kama angependa doa lake lipewe joto la kutosha. Mheshimiwa akasema lipewe joto lote lililopo. Picha ikapigwa, yeye akitabasamu na kidole chake kikiwa juu ya kijani. Kesho yake gazeti la Serikali liliitoa ukurasa wa mbele chini ya maneno "Waziri Kombo Azidi Kustawi", na Mheshimiwa akaagiza nakala moja ibandikwe kwenye kioo cha Chumba Safi, palepale alipokusudia kuweka jukwaa la maharusi.

Ukungu ulitii. Kila siku ulisogea. Tena haukufunika tu. Popote ulipofika, madoa ya jirani yalinyauka kabla ya kuguswa, kama watumishi wanaposikia kwamba mkaguzi yuko njiani. Upande wa kaskazini, mawingu ya vumbi nayo yalisogea. Fundi wa maua alianza kupima madirisha.

*

Mtukufu alikuja bila tarumbeta, jambo lililomtia Bwana Nyangasa kizunguzungu. Alikuwa amesikia kwamba kauli zake zinaota na alitaka kuziona kwa macho yake kabla hayajawa mekundu. Mawaziri walijipanga ukutani kwa ukongwe. Dakta alileta kisahani cha jukwaani na kioo cha kukuzia, akaviweka mbele yake.

Mtukufu alitazama. Kisahani kilikuwa kijani kutoka ukingo hadi ukingo, kimejaa manyoya, kimetulia.

"Yangu yako wapi?"

"Yako chini, Mtukufu," alisema Dakta.

"Chini ya nini?"

"Chini ya hili la kijani."

Hakuna aliyepumua, na kwa mara ya kwanza tangu sherehe hewa ya chumba kile ilikuwa inapata nafuu. Mtukufu akauliza la kijani ni la nani. Mawaziri, ambao wiki nzima walikuwa wamegombania madoa hata yale madogo kama kichwa cha sindano, waligundua wote kwa pamoja kwamba siku ile hawakupiga chafya kabisa. Waziri wa Ulinzi alisema alikohoa tu. Kisha macho ya Mtukufu yalipanda taratibu hadi kwenye kioo, mahali lilipobandikwa gazeti, na Mheshimiwa Kombo Zirai alikuwa pale akitabasamu, kidole juu ya kijani.

"Nilikuwa napita tu, Mtukufu," alisema Mheshimiwa Kombo. "Wakapiga picha."

Mtukufu alimgeukia Dakta.

"Mimi siku ile nilisema maneno mengi juu ya usafi. Hili lilisema nini?"

"Halikusema kitu, Mtukufu. Linakula tu."

"Na linaweza kuuawa?"

Mwanasheria Mkuu alijongea kwa ubavu, lakini aliuona uso wa Mtukufu akarudi kwa ubavu uleule. Dakta alisema linaweza. Ila alimweleza kwa uaminifu kwamba dawa ya kufukiza haijui vyeo: ikiingia chumbani, vinakufa vyote, vya kijani na vya Mtukufu pamoja.

Nimehudhuria sherehe nyingi, lakini sijapata kumwona mkuu wa nchi akipima kwa uchungu namna ile. Upande mmoja zilikuwepo kauli zake zote juu ya usafi, zikiwa hai, zinaongezeka, karibu ziandikishwe kupiga kura. Upande wa pili kulikuwa na manyoya ya kijani yaliyokua bila kuomba ruhusa.

"Vyangu nitavisema tena," alisema. "Ua."

Chumba kilifukizwa jioni ileile. Sajenti alitolewa nje akiaga kwa machozi, mahindi yakiwa mfukoni. Mheshimiwa Kombo Zirai alibakizwa kwenye uwaziri kwa huruma ya Mtukufu, lakini akashushwa katika orodha ya chafya hadi nyuma ya Naibu Waziri wa Mambo Madogo, na katika nchi ile hakuna aliyewahi kupanda tena kutoka hapo.

Visahani vipya vilikaa wazi, vikafunikwa, vikapewa joto. Dakta aliviinua kimoja kimoja kwenye mwanga. Jeli ilikuwa angavu kama maji ya kisima. Alivishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Upepo ulikuwa umekwisha kufika vijijini. Kilichobaki ni kujaza chupa.

Ndipo hodi ikabishwa mlangoni, na Bwana Nyangasa akachungulia. Alileta pongezi. Alileta pia habari njema: kwa kuwa chumba kimesafishwa upya, kisheria ni chumba kipya, na chumba kipya hakijafunguliwa. Mtukufu angefika keshokutwa, na hotuba ilikuwa imeongezwa kurasa.

*

Dakta Sululu hakubishana. Alisema tu kwamba ni heshima kubwa, na akaomba siku moja ya maandalizi.

Kando ya Chumba Safi kulikuwa na stoo ya maboksi. Siku ile aliitoa maboksi yake, akaipaka chokaa nyeupe, akaweka meza ndefu katikati. Kisha alichukua bisibisi, akang'oa kibao kilichoandikwa "Chumba Safi" mlangoni pake na kukikaza kwenye mlango wa stoo, na kile kilichoandikwa "Stoo ya Maboksi" akakikaza kwenye mlango wa Chumba Safi. Mimi nilimshikia skrubu. Sikuona kosa lolote. Katika nchi ile maandishi ya mlangoni ni ya Serikali, na kilicho ndani hulazimika kuyafuata.

Safari hii hakuwanyima kitu. Zulia la kihistoria lilitandikwa hadi ukutani. Tarumbeta ziliongezwa. Mezani visahani vilijaa korosho, na Bwana Nyangasa alipoviona alimshika Dakta mikono yote miwili na kusema kwamba hatimaye sayansi imekomaa. Mtukufu alizisema upya kauli zake zote, na nyingine mpya. Alipopiga chafya, orodha ilipita yote, ikaishia kwa Mheshimiwa Kombo Zirai, ambaye zamu yake ilimfikia wakati wageni wamekwisha kuanza kunywa soda. Alinung'unika kwamba chumba kina joto sana na hakifai kwa harusi, na kesho yake wizara yake ikaandika kwamba haikihitaji tena.

Na nyuma ya ukuta, katika Stoo ya Maboksi, ambamo hakuna mkubwa yeyote angekubali kuonekana akiingia, watu waliovaa mavazi meupe toka unyayoni hadi utosini walitembea polepole, hawakuzungumza, hawakujikuna, wakajaza chupa. Visahani vyao vilitoka vitupu. Chupa ya kwanza ilipita mlangoni kabla vumbi halijafika mjini.

Vumbi lilipofika, halikuchagua. Wananchi walipanga foleni, wakatiwa matone, wakaenda zao wakiona. Siku ya nne msafara wa Mtukufu ulisimama kiwandani. Alishushwa garini akishikwa viwiko, kope zimegandana, na nyuma yake mawaziri wakipapasana kwa ukongwe. Waliingizwa katika chumba chenye kibao cha "Chumba Safi", wakakalishwa katikati ya korosho. Dakta alikuja na chupa mpya, akasafisha jicho la kwanza kwa pamba, akainama. Mtukufu tayari alikuwa ameanza kuhutubia.

"Tazama juu, Mtukufu," alisema Dakta.

Akatazama juu, akiendelea.

"Na ufunge mdomo. Unapumua kwenye chupa yangu."

Bwana Nyangasa alitafuta kwa mikono mahali pa kuzimia asipate. Mwanasheria Mkuu alivipitia vifungu vyote kichwani, na hakuna kilichosema lolote, kwa maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jambo hilo lingeweza kutamkwa. Mtukufu alikaa kidogo, uso juu, kinywa wazi. Kisha akakifunga.

Makamu akafunga chake. Waziri wa Ulinzi akafunga chake, kwa ukakamavu. Vinywa vilifungwa kimoja baada ya kingine kwa kufuata orodha hadi kwa Mheshimiwa Kombo Zirai, na nchi nzima ikawa kimya. Kutoka nje tulisikia watu wakiendelea na kazi zao. Dakta hakuwa na haraka. Alidondosha tone moja, akasubiri lienee, akahamia jicho la pili kwa mwendo uleule wa chumba safi.

Alipomaliza alifunga kizibo na kumwelekeza mgonjwa wake. Dozi, alisema, ni mara nne kwa siku, na mdomo ufungwe kila mara.